Maji Kwanza, Kilometa Baadaye: Uchambuzi wa Mpango wa Safari ya Bagamoyo, Saadani na Pangani

Baina ya Dar es Salaam na Tanga ziko njia mbili za gari, na mwenye haraka hana haja ya kushauriwa, kwani atashika barabara kuu ya lami ipitayo Chalinze na Segera, kilometa zipatazo 350, na akiondoka alfajiri alasiri itamkuta kwa wenyeji wake, naye hajaiona bahari njiani hata mara moja. Njia ya pili huandama pwani: hutoka Dar es Salaam ikaenda Bagamoyo, ikavuka mto Wami, ikapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ikashika Mkwaja hata Pangani, na kutoka hapo ikaingia Tanga kwa upande wa kusini. Katika ramani njia hii ni fupi kuliko ile ya kwanza. Katika muda ni ndefu mno, na wengi walioijaribu kwa kuitegemea ramani peke yake wamerudi na malalamiko ya tope, ya geti lililofungwa, na ya kisiwa kilichokuwa chini ya maji siku ile waliyokwenda kukitazama.

Mpango ninaotaka kuuchambua hapa ulitungwa na jamaa wa Dar es Salaam, watu wa magari mawili yenye kuvuta kwa magurudumu manne, kwa safari ya siku nne katika mwezi wa Septemba, wakati ambapo mto Pangani ulikuwa bado ukivukwa kwa pantoni. Karatasi yao ni ya kawaida, imepigwa mistari kwa rula, lakini taratibu ya safu zake ni ya kuangaliwa sana: safu ya kwanza ina tarehe za mwezi mwandamo, ya pili ina saa za maji kujaa na kupwa, ya tatu mawio na machweo, ya nne saa za geti na pantoni, na kilometa, ambazo watu wengine huanza nazo, zimewekwa pembezoni kabisa. Hoja yangu ni kwamba ubora wa mpango huu, na hata kasoro yake, umetokana na mfuatano huo. Kwa kuwa katika safari ya pwani yako mambo ambayo msafiri hana amri juu yake, na busara ni kuyafunga hayo kwanza, kisha kilometa zikafuata.

Tuanze na maji, kama wao walivyoanza. Mbele ya Pangani kuna fungu la mchanga liitwalo Maziwe, ambalo zamani lilikuwa kisiwa chenye miti na mazalia ya kasa, likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, nalo baadaye likaliwa na mawimbi hata miti yote ikatoweka. Leo hujitokeza maji yapwapo na kufunikwa yajaapo. Basi mwenye kutaka kukanyaga mchanga huo na kuogelea katika matumbawe yauzungukayo hana budi kuuliza maji kabla ya kuuliza bei ya mashua. Watu wa pwani wanajua kwamba bamvua huja mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na maji mafu huja katikati ya nyakati hizo, yaani karibu na tarehe 7 na tarehe 22 za mwezi mwandamo. Na tena wanajua kwamba katika pwani hii siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa baina ya saa 4 na saa 5, ilhali siku za maji mafu mambo hugeuka kinyume. Kila siku ipitayo saa hizo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Kwa hesabu hiyo siku ya Maziwe iliwekwa tarehe 16 ya mwezi mwandamo: bamvua li katika nguvu zake, mchanga hutoka maji asubuhi, na mashua ikiondoka saa 3 huweza kurudi kabla upepo wa kusi haujachafua bahari kama ufanyavyo aghalabu baada ya adhuhuri. Siku nyingine zote tatu zilihesabiwa kutoka katika siku hiyo, mbili kwa kurudi nyuma na moja kwa kwenda mbele.

Hapa ndipo faida ya kuanza na jambo lisilobadilika inapodhihirika, maana tarehe moja ilipokwisha kufungwa, mambo mengine yalijipanga bila ya kushurutishwa. Usiku wa tarehe 14 uliangukia Saadani, na pwani yetu inatazama mashariki. Kwa hiyo mwezi uliokaribia kutimia ulikuwa ukipanda kutoka baharini wakati uleule jua lilipokuwa likitua nyuma ya nyika, mandhari ambayo hakuna fedha ya kuinunua mtu akifika pale tarehe 22. Asubuhi ya tarehe 15 maji yalikuwa yakipwa, na katika maingilio ya mto Wami, ambako maji ya bahari hupanda na kushuka baina ya mikoko, kupwa kwa maji hufichua kingo za tope. Mamba hupanda juu yake kuota jua, ndege wenye miguu mirefu hushuka kutafuta riziki, na viboko hukusanyika penye kina. Mashua ya Wami ikawekwa saa 3 kwa sababu hiyo hasa.

Baada ya maji ni udongo. Sehemu kubwa ya Saadani ni tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na kuwa mgumu, na wakati wa mvua hugeuka mtego: mifereji yote ya tairi hujaa, tairi likawa gurudumu laini lisiloshika kitu, na gari la thamani kubwa huteleza sawasawa na gari dogo. Kwa hivyo miezi ya masika, Machi hata Mei, ilifutwa mara moja, na Novemba ikafutwa kwa ajili ya vuli. Septemba ikabaki kwa kuwa ardhi imekauka, nyasi zimepungua kimo, wanyama wanayasogelea maji, na kusi imeanza kulegea kuelekea maleleji. Jambo moja zaidi waliliandika, nalo ni la watu wenye maarifa: kwamba ikinyesha mvua isiyotarajiwa wasijaribu kusonga mbele kuelekea Mkwaja, bali watoke kwa upande wa magharibi kwenda Mandera, ambako wataikuta lami ya barabara kuu. Mpango usio na mlango wa nyuma haufai kuitwa mpango.

Safu ya geti ilihitaji hesabu nyingine. Katika hifadhi za taifa za Tanzania ada ya mwenye kulala ndani huhesabiwa kwa saa 24, hailipwi kwa fedha taslimu, na magari hayaruhusiwi kuzurura usiku. Mtu asiyefikiri huingia asubuhi akidhani kwamba amejipatia siku nzima. Kumbe wanyama hutembea kulipopambazuka na jua linapopungua ukali, na saa za katikati hulala vivulini, hata anayeingia saa 4 asubuhi hutumia sehemu kubwa ya haki yake akitazama vichaka. Jamaa hawa waliingia saa 8 mchana. Wakapata alasiri yote ya kwanza, wakapata alfajiri yote ya pili, wakatoka saa 6 mchana kabla ya muda wao kwisha. Na katika saa hizo wakawa na nafasi mbili njema za kuwaona twiga, kuro, kongoni, tohe, na, kwa aliyebahatika, tembo. Eneo lenyewe lina kilometa za mraba zipatazo 1,100, na upande wake wa kaskazini, Mkwaja, ulikuwa shamba la ng'ombe kabla ya kuunganishwa na hifadhi.

Tena Saadani si ya wanyama peke yao. Katika karne ya 19 palikuwa bandari iliyoshindana na Bagamoyo kwa misafara ya bara, na hapo ndipo Bwana Heri alipowapinga Wajerumani katika vita vya 1888 na 1889; Pangani nako, mwisho wa siku ya tatu, ndiko alikonyongwa Abushiri bin Salim, kiongozi mwingine wa vita hivyo, mwezi wa Desemba 1889. Mpango uliitengea historia saa tatu nzima kule Bagamoyo, kwa ajili ya magofu ya Kaole na mji mkongwe, lakini kijiji cha Saadani ukakipa nusu saa tu, na hili naliona ni upungufu wa kipimo: mtu awezaye kungoja kuro anywe maji angeweza pia kungoja mzee amalize kusimulia.

Sasa kilometa, ambazo kwa zamu yake zikaja kuwa jambo jepesi. Kanuni waliyoiweka ni kwamba usukani usishikwe zaidi ya saa tano kwa siku, na kwamba katika barabara ya udongo wasihesabu mwendo zaidi ya kilometa 30 kwa saa, vituo vikiwamo. Siku ya kwanza, Dar es Salaam mpaka Bagamoyo ni kilometa zipatazo 70 za lami, ambazo kwa foleni za mjini zilipewa saa mbili; kutoka hapo hadi getini wakajipa saa mbili nyingine. Siku ya pili, kutoka hifadhini hadi ufuo wa Ushongo, kusini ya Pangani, wakajipa saa tatu na nusu kwa masafa yasiyozidi kilometa 70, na wakafika kweupe. Mafuta yalijazwa Bagamoyo, yakaongezwa theluthi juu ya hesabu ya kawaida, kwa kuwa gari lipitalo mchangani kwa gia ya chini hunywa kuliko gari lipitalo katika lami. Na walikuwa na pampu, maana mwenye kupunguza upepo wa tairi ili avuke mchanga hana budi kuurudisha kabla hajashika mwendo wa barabara kuu.

Hata nuru ilipewa hesabu yake. Kwa kuwa bahari iko mashariki, mwenye kuitazama asubuhi hulikabili jua, akaona mng'ao bila ya rangi. Jua likisha kupita utosini na kuwa nyuma yake, ndipo kijani na samawati ya maji hudhihirika mpaka penye miamba. Basi asubuhi wakaipa nyika na mito, na mchana wakaupa ufuo, isipokuwa siku ya Maziwe, ambapo maji ndiyo yaliyoamua na nuru haikuulizwa.

Kasoro kubwa imo katika siku ya nne. Walivuka Pangani kwa pantoni saa 2 asubuhi, maji yakiwa nusu, na hilo lilikuwa jema, kwani maji yakipwa sana mteremko wa kupandia huwa mkali. Wakasimama Tongoni, penye msikiti uliobomoka na makaburi ya kale yapatayo 40, karibu na barabara ya Tanga. Kisha wakaenda mapango ya Amboni, kilometa zipatazo 8 kaskazini ya mji. Na baada ya hayo yote, siku hiyohiyo, wakajiandikia kurudi Dar es Salaam kwa njia ya Segera. Ukiijumlisha siku hiyo utaona kwamba usukani unashikwa saa nane au zaidi, na kwamba saa za mwisho ni za giza, katika barabara yenye malori na mabasi. Kanuni waliyoitii siku tatu waliivunja siku iliyobaki, wala si kwa ujinga: siku ile haikuwa na maji ya kungojewa wala geti la kuwahi, na safu za mwanzo zilipokosa neno la kusema, pupa ya kufika nyumbani ikachukua nafasi yake. Mpango uliokuwa ukiongozwa na mambo yasiyobadilika ulikosa kiongozi palepale mambo hayo yalipokwisha. Dawa yake ni kuuhesabu uchovu wa dereva na machweo ya jua kuwa nao ni geti, lenye saa ya kufungwa isiyo na rufaa.

Kasoro ya pili ni ndogo, nayo ni kwamba hakuna siku ya akiba. Kama kusi ingalivuma kwa nguvu asubuhi ya tarehe 16, Maziwe ingalipotea kabisa. Ilhali bamvua halikai siku moja, na tarehe 17 ingaliwafaa vilevile, saa ikisogezwa kidogo tu, lau wangalikuwa na usiku mmoja wa ziada.

Mambo haya yatabadilika kwa sehemu. Barabara ya lami kutoka Tanga hadi Bagamoyo kwa njia ya Pangani imekwisha kuwekewa mradi wake, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto Pangani, na kazi hiyo ikitimia yote, safu ya pantoni itafutwa, hofu ya udongo mweusi itapungua kwa mwenye kupita tu, na watatokea watu watakaojisifu kuwa wametoka Bagamoyo hadi Tanga kwa asubuhi moja. Watakuwa wamesema kweli, na hawatakuwa wameona kitu. Mwenye kutaka kuurithi mpango huu na abadilishe mawili: alale Tanga usiku wa nne, arudi kwa lami asubuhi ya tano, na nusu saa ya kijiji cha Saadani aifanye saa mbili, azichukue kutoka Bagamoyo ambako aweza kurudi siku yoyote kwa basi. Safu ya mwezi mwandamo aiache ilipo, mwanzo wa karatasi.