Ufadhili Bila Jukwaa

Kesi ya Dedan Kimathi ilisikilizwa Nyeri mwaka 1956. Miaka 20 baadaye, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipoiandikia tamthilia, ilipanda jukwaani Nairobi, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo. Nyeri ilitoa hadithi. Jukwaa likawa la mji mkuu. Ndiyo maana kila nikisikia habari za ufadhili wa wasanii wa mashinani, swali langu huwa moja: akishapewa hundi, ataigizia wapi?

Hebu mtazame mwigizaji wa Karatina au Nanyuki. Mfadhili wake wa kweli ni mwanafunzi. Vikundi huzunguka shule za sekondari vikiigiza vitabu teule vya Fasihi. Jana *Kigogo*, leo *Bembea ya Maisha*. Nimewatazama katika bwalo la shule, meza zimesukumwa ukutani, mtu mmoja akiigiza wahusika watatu. Wanajua kazi, bana! Lakini kitabu kikibadilishwa, mchezo wao umekufa. Na mchezo wao wenyewe hawajauandika, kwa sababu hakuna anayewalipia muda wa kuuandika.

Hapo ndipo ruzuku ingefaa. Shida ni kwamba nyingi nilizoziona huombwa kwa Kiingereza cha ofisini, kwa jina la mtu mmoja. Anayejua kujaza fomu hupata. Anayejua kuigiza hubaki akingoja.

Kamiriithu, kule Limuru, walianzia upande mwingine. Mwaka 1977 wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa kukaa watu 2,000, wakaigiza *Ngaahika Ndeenda* kwa Kikuyu. Baada ya wiki sita hivi serikali ikafuta kibali, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ akakamatwa. Alikuwa ameshaachiliwa zamani polisi walipoubomoa ukumbi mwaka 1982. Safari hii waliziendea mbao na nguzo. Waliobomoa walielewa jambo ambalo wafadhili wengi bado hawajalielewa: nguvu haikuwa ya mwandishi peke yake. Ilikuwa pia ya mahali pa watu kukutana.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Basi mfadhili akimpa msanii wa Nyeri mwaka mmoja wa kuandika, kaunti nayo impe ukumbi bila ada. La sivyo, tutakuwa tumemlipia nauli tu ya kwenda Nairobi.