Kutembea si Kwenda kwa Miguu

Mwanafunzi wetu afasiripo kutoka Kiingereza, neno 'walk' halimsumbui: huliandikia 'tembea', kisha kalamu ikasonga mbele. Kamusi zimemzoesha hivyo. Ulinganifu huo, kwa maoni yetu, ni wa nusu tu.

'Walk' hutaja miguu. 'Tembea' hutaja zaidi hali ya mwendaji: hana haraka, anapunga upepo, anazuru jamaa. Ndiyo maana 'tembelea' ni la ziara, na 'tembeza' ni la mchuuzi apitishaye bidhaa mlango kwa mlango, au la fukara apitishaye bakuli. Mithali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake haimlengi mtu aendaye kazini.

Chukua kitabu cha Nelson Mandela cha mwaka 1994, 'Long Walk to Freedom'. Mfasiri wa kamusi angeandika 'Matembezi Marefu', na mfungwa wa miaka 27 angegeuka mtu aliyetoka jioni kunyoosha miguu. Kiswahili hapo chadai 'safari', ingawa neno hilo halitaji miguu kamwe.

Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulionja tofauti hii kwa uchungu. Utawala wa Kibelgiji uliwaweka Wazungu katikati, katika eneo ambalo leo ni komini ya Lubumbashi, na Waafrika ng'ambo ya ukanda wa ardhi ulioachwa wazi makusudi. Mtumishi wa nyumbani aliyelala upande wa pili aliuvuka ukanda huo asubuhi na kurudi jioni. Usiku alihitaji kibali. Huyo alikwenda kwa miguu, au 'na miguu' kama wasemavyo watu wa Katanga, lakini hakutembea. Kutembea mjini humo bila shughuli ya kueleza ndiko kulikomtia mtu mashakani. Basi afasiriye maandiko ya watumishi wenyewe, kama ile historia ya mji iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, akiweka 'walk' kila mahali, atakuwa amefuta mpaka ambao watu hao waliuishi.

(Wanaolalamika kwamba Kiswahili ni maskini wa vitenzi vya mwendo tuwaachie 'chechemea', 'nyata', 'pepesuka', 'randa' na 'zurura' wavitafakari.)

Yuko atakayepinga: mbona Tanzania husema 'matembezi ya mshikamano', na hayo yana lengo? Ni kweli. Lakini twaona neno limechaguliwa kwa upole wake. Aitaye msafara wake matembezi humwambia askari kwamba hapana shari. Wakristo waliotoka barabarani Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, nao walikwenda kwa amani, na wakapigwa risasi. Kwa Kifaransa tukio hilo huitwa 'marche'. Kwa Kiswahili ni maandamano, wala sijamsikia msemaji yeyote akiliita matembezi.