Bei Iliyochapwa Kwenye Jalada: Jinsi Crass Walivyofanya Siasa

Ukitajwa muziki wa panki wenye siasa kali, jina la Crass, bendi ya Uingereza iliyodumu kuanzia 1977 hadi 1984, halikosi, na sifa kwa kawaida hupewa maneno ya nyimbo zake: mashambulizi dhidi ya kanisa, jeshi na Margaret Thatcher. Naona sifa hiyo imewekwa pasipo pake. Maneno makali yalikuwa yamejaa London nzima mwaka 1977, na mengi yaliuzwa na makampuni makubwa. The Clash, ambao ndio waliomtia Steve Ignorant, mwimbaji wa Crass, hamu ya kuwa na bendi, walikwisha kutia saini mkataba na CBS Januari ya mwaka huo huo. Sex Pistols walipitia EMI. Kipya walicholeta Crass ni kuifanya santuri yenyewe iwe hoja: gharama ya kuitengeneza, bei, karatasi iliyoifunika na njia iliyoifikisha kwa msikilizaji. Hata asiyejua Kiingereza angeweza kuisoma siasa yao akiwa ameishika tu mkononi.

Mambo yalianzia kiwandani. Santuri yao ya kwanza, The Feeding of the 5000, waliirekodi mwaka 1978 kwa ajili ya Small Wonder, lebo ndogo ya London. Wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Ireland walikataa kuitengeneza kwa sababu ya kipande cha kwanza, “Asylum”, ambacho waliona ni kufuru. Bendi haikulainisha maneno. Ilikiondoa kipande chote, ikaacha kimya mahali pake, na kimya hicho ikakipa jina la sauti ya uhuru wa kusema. Kejeli ilikuwa tamu, ila somo lililobaki lilikuwa la kiutendaji: mwenye mashine ndiye mhariri wa mwisho. Wakaanzisha lebo yao, Crass Records, na mwaka 1979 kipande kile kikatoka upya kama santuri ndogo iitwayo “Reality Asylum”, jalada likimwambia mnunuzi asilipe zaidi ya peni 45. Hapo ndipo penye ufundi. Bei ikishachapwa kwenye jalada, mwenye duka hana la kuongeza, kwa kuwa mteja ameisoma kabla hajafika kaunta. Na mteja huyo huyo akigeukia rafu ya jirani, analazimika kujiuliza kwa nini santuri ya mwanamapinduzi wa kampuni kubwa ni ghali kiasi kile. Hesabu zenyewe ziliwapiga chenga: walisahau kodi ya ongezeko la thamani, kila nakala ikauzwa kwa hasara, na baadaye santuri ndogo zikapanda hadi peni 70. Hata hivyo Stations of the Crass, albamu ya santuri mbili, ilitoka mwaka huo huo kwa pauni 3, na wanunuzi hawakukosekana.

Mtu atasema uhuru huo ulikuwa wa kuazima, na hatakuwa amekosea sana. Fedha za kutoa Stations of the Crass zilitokana na mkopo wa bendi rafiki, Poison Girls. John Loder, mwenye Southern Studios kule kaskazini mwa London, aliwarekodi na kuwabeba kibiashara kwa miaka mingi. Usambazaji ulipitia Rough Trade. Wenyewe waliishi pamoja Dial House, nyumba ya zamani ya shamba huko Essex, walikolima bustani na kugawana gharama, na mpiga ngoma Penny Rimbaud alikuwa akiishi pale tangu miaka ya 1960. Bila nyumba hiyo, peni 45 ingekuwa ndoto. Lakini pingamizi hili linaitia nguvu hoja yangu. Bei ndogo ilitokana na kupunguza mahitaji ya watu wanaoishi chini ya paa moja, na mkopo ulitoka kwa watu wenye msimamo uleule. Nao waliupitisha mbele: Crass Records ilitoa kazi za Zounds, Rudimentary Peni, Flux of Pink Indians, hata KUKL kutoka Iceland, bendi aliyoimba Björk kabla hajajulikana duniani.

Jalada lilifanya kazi ileile kwa macho. Gee Vaucher, mchoraji wa bendi, alichora kwa rangi ya maji nzito picha ambazo wengi hudhani ni vipande vya magazeti vilivyobandikwa, jinsi zilivyo makini. Karatasi ilikunjwa mara kadhaa, na ukiikunjua unapata bango la ukutani lenye maandishi marefu upande wa pili. Hivyo aliyechoshwa na kelele (na kusema kweli zilichosha: gitaa lenye makali bila besi ya kutosha, ngoma ya kijeshi, maneno yanayomwagika) bado alibaki na kijitabu. Namba za orodha nazo zilihesabu miaka kurudi nyuma kuelekea 1984, mwaka wa riwaya ya Orwell: Stations ni 521984, yaani imebaki mitano, Penis Envy ya 1981 ni 321984.

Njia za usambazaji ndizo zilizowapa ushindi wa ajabu zaidi. Mwaka 1981, chini ya jina Creative Recording and Sound Services, ambalo herufi zake za mwanzo zinasema yote, waliliuzia wazo gazeti la mapenzi la wasichana liitwalo Loving: wasomaji wapewe bure wimbo laini wa harusi. Gazeti likautangaza lenyewe, bila kung’amua kwamba wimbo ulikuwa dhihaka ya ndoa. Baada ya vita vya Falkland vya 1982 walikwenda mbali zaidi. Walichukua sauti za Thatcher na Ronald Reagan kutoka kwenye hotuba na mahojiano, wakazikatakata na kuziunganisha hadi zikawa mazungumzo ya simu, ambamo Thatcher anaelekea kukiri kuhusu kuzama kwa Sheffield, manowari ya Uingereza, katika vita hivyo. Kuchagua simu kulikuwa akili: sikio limezoea kuisamehe simu mikwaruzo na pengo la sauti, kwa hiyo viungo vya kanda havikushtua haraka. Kanda ilitumwa kwa waandishi wa habari bila jina. Serikali ya Marekani ikawanyooshea kidole Wasovieti, mpaka Januari 1984 gazeti la Observer lilipowafuatilia hadi Dial House.

Pingamizi hapa ni zito kuliko lile la mkopo: bendi iliyoituhumu serikali kwa uongo ilitunga uongo. Siwezi kuwasafisha. Kanda ile iliwawekea watu wawili maneno ambayo hawakuyasema, na hadhira haikupewa alama yoyote ya kejeli, tofauti na wimbo wa harusi ambao ulibeba sahihi yao kwenye herufi tano. Kwa kipimo chao wenyewe, cha kumwonyesha mnunuzi kila kitu kwenye jalada, Crass walijisaliti pale. Kilichowaangusha lakini kilitoka upande mwingine. Mwaka 1984 walishtakiwa chini ya sheria ya machapisho machafu, na bei ndogo waliyojivunia ilikuwa haijaacha akiba ya kulipa wanasheria. Julai mwaka huo walipiga onyesho lao la mwisho huko Aberdare, Wales, wakiwachangia wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo.