Msikilizaji Naye Ahakikiwe

Wasomaji wenzangu, katika kurasa hizi tumezoea kumweka mtunzi kizimbani. Ametunga vibaya, ameiga, amechuja, basi tunamshukia. Leo naomba tumgeukie msikilizaji, na nitaanza na mimi mwenyewe. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini mhakiki asipojihakiki atabaki mpiga domo tu.

Albamu yenyewe inaitwa Red Medicine, ya bendi ya roki ya Fugazi kutoka Washington, D.C., Marekani. Ilitoka mwaka 1995. Najua wengi hapa roki hamna habari nayo, mnasema ni makelele ya Wazungu. Subirini kidogo, maana ugomvi uliozuka juu ya albamu hii ni ugomvi wetu pia.

Kwa asiyewajua: Fugazi walianza mwaka 1987. Walikuwa watu wanne tu. Ian MacKaye na Guy Picciotto waliimba na kupiga magita, Joe Lally alikuwa kwenye besi, na Brendan Canty kwenye dramu. Kaseti na sahani zao zilitolewa na Dischord Records, kampuni ndogo ambayo MacKaye na mwenzake Jeff Nelson waliianzisha mwaka 1980, wakiwa vijana wadogo kabisa, ili watoe muziki wao na wa rafiki zao bila kumpigia magoti mtu. Kiingilio cha maonyesho yao kwa miaka mingi kilikuwa kama dola 5, na watoto wa shule waliruhusiwa kuingia sawa na wakubwa. Fulana zenye jina la bendi hawakuuza. Mtu akileta fujo na kuumiza wenzake mbele ya jukwaa, muziki unasimama, anatolewa nje, na anarudishiwa dola 5 zake. Si mchezo!

Nirvana walipotoa Nevermind mwaka 1991 na kuuza mamilioni, makampuni makubwa yalishuka mitaani kusaka bendi za vijana kama fisi waliosikia kuna mzoga. Fugazi nao walitafutwa. Mwaka 1993 Ahmet Ertegun mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Atlantic Records, alitaka kuwachukua. Wakakataa, wakarudi kwenye kiingilio chao cha dola 5.

Sasa hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mimi niliipenda bendi hii kabla sijaisikia. Hadithi ilinitosha. Nilishaandika kurasa mbili za sifa kwa ajili ya gazeti hili, msimamo huu, uhuru ule, huku albamu yenyewe nimeisikiliza mara moja, tena nikiwa ndani ya daladala na kondakta anapiga kelele.

Bahati nzuri, kabla sijazipeleka kurasa zile, niliwaita washikaji wanne chumbani kwangu tukaipiga albamu nzima, nyimbo 13, mwanzo hadi mwisho.

Wa kwanza anaijua Fugazi vizuri. Anakijua kibao chao cha 1988, "Waiting Room", na albamu ya Repeater ya 1990 ameikariri. Hata kabla ya wimbo wa tano akaanza kuguna. "Hawa jamaa wameharibu bwana. Zamani walikuwa wanapiga moja kwa moja, wimbo unakushika shati. Sasa hivi wanachezea mitambo tu." Malalamiko hayo si mapya. Albamu ilipotoka, wapo wapenzi wa bendi waliolia hivyo hivyo, na wapo walioona kwamba ndiyo kwanza bendi imefungua mlango. Ni kilio kile kile cha mtu wa kwenye dansi anayepiga makelele apigiwe kibao cha zamani, wanamuziki wakipiga kipya anarudi kukaa.

Wa pili alikuwa upande wangu. Akamjia juu mwenzake: "Wewe unataka nini? Hawa hawajajiuza!" Mimi nikatikisa kichwa kwa kukubali. Tukabishana robo saa, na katika robo saa hiyo nyimbo tatu zikapita bila mtu kuzisikia.

Wa tatu alilala. Nalo ni jibu, tuliheshimu.

Wa nne ni dada mmoja msusi, ambaye bendi hii hajawahi hata kuisikia jina. Yeye alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema: "Kaka, tangu tumekaa umetuambia kiingilio chao, umetuambia waliowakatalia. Nyimbo je? Huyu anayeimba kama anaongea peke yake ni nani?"

Jamani, niliona haya. Aliyekuwa akiimba ni Joe Lally, mpiga besi, katika "By You", na hiyo ndiyo albamu ya kwanza ya Fugazi ambamo sauti yake inaongoza wimbo. Magita yanakwaruza na kulia pande zote, na katikati yake mtu anasema maneno yake taratibu, bila kushindana nayo. Mimi mtaalamu nilikuwa sijamtambua. Msusi ndiye aliyemsikia.

Basi nikazichana zile kurasa mbili, nikaanza upya. Haya ndiyo ninayoweza kuyasema sasa baada ya kusikiliza kweli.

Wimbo wa kwanza, "Do You Like Me", unaanza kwa vurugu kama redio mbovu iliyoachwa wazi, halafu magita yanaingia ghafla, safi kabisa. Jina lake ni swali: unanipenda? Lakini Picciotto hafanyi mchezo wa mapenzi tu. Humo ndani anataja majina ya Lockheed na Martin Marietta, makampuni mawili ya silaha yaliyoungana mwaka huo huo wa 1995, kana kwamba ni wachumba. Mapenzi na biashara ya vita katika pumzi moja, wala hakuhubiri. Sisi waandishi vijana tungeandika ukurasa mzima wa mawaidha hapo.

"Bed for the Scraping" ni jibu kwa wanaodai bendi imesahau kupiga. Kinakimbia, kinauma. "Target" kinawageukia wanaowafanya vijana soko, na kinaonyesha jinsi hata mlio wa gita unavyoweza kugeuzwa chambo. Kukisikia kutoka kwa bendi yenye magita mawili ni sawa na mvuvi kuulaumu mshipi wake. Nimekipenda kwa sababu kinajikata chenyewe.

Lakini "Version" hapana. Ni kipande kisicho na maneno, besi mbele, Picciotto akipuliza klarineti. Jina limetoka Jamaika, ambako "version" ni upande wa pili wa sahani, wimbo uliotolewa sauti ukabaki mifupa. Sasa sisi huku tumekulia kwenye rege, hatudanganyiki kirahisi. Katika kazi za King Tubby, sauti ikitoweka unaisikia nafasi yake, unaitafuta. Katika "Version" sioni kilichotolewa, kwa hiyo hakuna cha kutafuta. Yule mshikaji wa kwanza, aliyesema wameharibu, ndiye aliyekipenda kipande hiki kuliko vyote! Tunabishana mpaka leo, lakini sasa tunabishana juu ya muziki.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema. Uhuru wa msanii unastahili heshima, na kiingilio cha dola 5 ni jambo kubwa. Ila uhuru ni mlango tu, haukuambii ndani kumepikwa nini. Anayekataa albamu kwa sababu si ile ya jana, na anayeisifu kwa sababu haikutoka kampuni kubwa, wote wawili hawajasikiliza. Mwaka 1998 Fugazi walipoiita albamu yao End Hits, uvumi ulienea kwamba bendi inakufa, eti kwa jina tu. Kumbe walikuja kutoa nyingine, The Argument, mwaka 2001, ndipo wakapumzika baada ya maonyesho ya mwisho ya 2002.

Na sisi je? Gazeti letu linatolewa fotokopi, linabanwa kwa pini, tunalilipia kwa michango. Najivunia. Lakini kuna mwenzetu mmoja ambaye hadithi yake ya kwanza, ya vichekesho vya uswahilini, tuliipigia makofi sana. Akaleta ya pili, nzito, ya mama anayeuguza. Wengine tukamwambia, "Bwana, turudishie ile ya kuchekesha." Mimi nikamwambia, "Safi sana, endelea hivyo hivyo," nikiwa nimesoma ukurasa mmoja. Hajaleta kitu tena. Nilidhani ana shughuli. Sasa nafikiri alitujua kuliko tulivyojijua.

Wiki iliyopita nilimwomba tena ule mswada. Alisitasita, akanipa. Nimeusoma mara mbili, penseli mkononi. Mwanzo unavutavuta sana, na yule daktari ni kibonzo tu. Lakini pale mama anapopimia dawa kijiko gizani kwa sababu umeme umekatika, niliuweka chini nikatoka nje kupunga upepo.

Jumamosi naenda kumwambia yote hayo, mabaya na mazuri. Anayetaka kunipinga kuhusu "Version" aandike, kurasa zipo. Ila asikilize kwanza.