Bohemian Rhapsody: Wasifu Uliokatwa Mwanzo

Filamu iitwayo Bohemian Rhapsody, iliyotolewa mwaka 2018, yasimulia maisha ya mwimbaji Freddie Mercury na wenzake wa bendi ya Queen. Wengi wameitazama kwa ajili ya nyimbo. Sisi tunaosomesha Kiswahili nje ya pwani tuna sababu nyingine: mwimbaji huyo alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi wenye asili ya Bara Hindi. Baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa kusoma Panchgani, India, akarejea Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, jamaa yote ilihamia Uingereza.

Miaka hiyo 17 filamu yaipitia kwa maneno machache yasemwayo mezani. Hadithi yenyewe yaanza mwaka 1970, kijana akiwa mchukuzi wa mizigo katika uwanja wa ndege wa London, tena akitukanwa kwa asili yake. Hatudai kwamba mtunzi alipaswa kututembeza katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Tulalamikialo ni kwamba twaonyeshwa kijana anayelikataa jina alilopewa na wazazi wake, wala hatuonyeshwi ni nini hasa anachokikataa. Mgogoro wake na baba, ambao ungeweza kuwa kiini cha mchezo mzima, wakosa mizizi.

Msomaji na alinganishe na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Humo Siti hazuki jukwaani ghafula. Twaanzia Fumba, twamwona akiuza vyungu, na anapofika Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri, twaujua urefu wa njia aliyoipita. Shaaban Robert naye ana lake: humsifu mno mtu wake, na hupenda kusimama njiani kutoa mawaidha. Lakini mwanzo hakuukata.

Kosa kubwa zaidi limo katika mpangilio wa matukio. Filamu yatuambia kwamba kabla ya tamasha la Live Aid, lililofanyika Wembley tarehe 13 Julai 1985, bendi ilikuwa imesambaratika. Freddie akarudi kuomba radhi, akawaambia wenzake kuwa ana UKIMWI, ndipo wakapanda jukwaani. Haikuwa hivyo. Queen walitoa albamu ya The Works mwaka 1984, na hadi Mei 1985 walikuwa ziarani pamoja. Habari za ugonjwa zinazokubaliwa na wengi ni za mwaka 1987. Yeye mwenyewe aliutangazia ulimwengu tarehe 23 Novemba 1991, akafariki siku iliyofuata.

Msanii ana ruhusa ya kufupisha na kupanga upya. Wimbo wa We Will Rock You, ambao ni wa mwaka 1977, umesogezwa hadi 1980, nasi twasamehe. Ugonjwa si wimbo. Kwa kuurudisha nyuma, filamu yaufanya uonekane kama ujira wa mtu aliyewatupa rafiki zake akafuata anasa, kisha yautumia kuwatoa watazamaji machozi kabla ya onyesho. Katika nchi zetu, ambako tumezika walimu wenzetu na wazazi wa wanafunzi wetu, na ambako maradhi hayo yameitwa adhabu mara nyingi mno, hilo hatuwezi kulinyamazia.

Uigizaji wa Rami Malek, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2019, wastahili sifa. Sauti tusikiayo kwa sehemu kubwa ni ya Freddie mwenyewe kutoka katika rekodi zake, ikichanganywa na ya mwimbaji Marc Martel. Kazi ya Malek ni ya mwili, yaani mabega, shingo, macho. Sehemu ya Wembley yafaa kuonyeshwa darasani pamoja na picha za tamasha lenyewe.

Na wimbo ulioipa filamu jina, wa mwaka 1975, una neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja, wa dini yoyote, hulisikia watu wanapoanza kula. Katika filamu mkuu wa kampuni ya santuri alishangaa neno hilo, hata kulitamka kwampa taabu. Hapo nafasi ya kuitaja Unguja ilikuwapo, ikaachwa ipite.