Mparachichi wa Hass: Kubebesha, Kupanda na Kuchuma

Mbegu ya parachichi la Hass huota bila shida, lakini mti wake hauzai Hass. Kila mbegu hubeba mchanganyiko mpya wa urithi, kwa hiyo aina hii huendelezwa kwa kubebesha tu. Miti yote ya Hass duniani, ikiwemo ya Njombe na Murang'a, asili yake ni mti mmoja. Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, aliupanda katika miaka ya 1920 akikusudia kuubebesha Fuerte, aina iliyotawala soko wakati huo. Vikonyo vya Fuerte, yaani vijitawi vya kubebesha, vilikataa kushika, mche ukaachwa ukue wenyewe. Mwaka 1935 Hass alipata hataza ya aina hiyo mpya, nayo ikamletea fedha kidogo, kwani aliyenunua mche mmoja aliweza kukata vikonyo na kubebesha shamba zima.

Kitaluni, mbegu za parachichi la kienyeji husiwa kwenye viriba, upande mpana ukiwa chini. Shina likifikia unene wa penseli hukatwa juu na kupasuliwa katikati. Kikonyo huchukuliwa kwenye mti unaozaa vizuri, macho yake yakiwa yamevimba bila kuchanua. Huondolewa majani, huchongwa mfano wa kabari na kuchomekwa kwenye mpasuo. Cha msingi ni tabaka la kijani lililo chini ya gome: la kikonyo na la shina yagusane, walau upande mmoja. Kiungo hufungwa kwa utepe wa nailoni, na kikonyo hufunikwa mfuko mwembamba kisikauke. Machipukizi yanayoota chini ya kiungo hung'olewa mapema. Mkulima anayeyaacha huja kuchuma parachichi la kienyeji kwenye mche aliolipia bei ya Hass.

Kubebesha hulinda aina ya tunda, hakuikingi mizizi. Mizizi ya mparachichi haiendi chini sana, na udongo ukituamisha maji hushambuliwa na kimelea cha Phytophthora cinnamomi. Mti mama wa Hass wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi. Ndiyo maana mteremko usiotuamisha maji una thamani kuliko mifuko ya mbolea. Penye udongo mzito, mche hupandwa juu ya tuta, kiungo kikibaki wazi.

Maua nayo yana ratiba. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hufunga, kisha hufunguka tena alasiri ya siku inayofuata likiwa dume. La Fuerte huwa jike alasiri na dume asubuhi ya kesho yake. Miti michache ya Fuerte katikati ya Hass, pamoja na mizinga ya nyuki, husaidia uchavushaji.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Hulainika baada ya kuchumwa. Ukomavu hupimwa kwa kukausha nyama ya tunda hadi uzito usipungue tena: kwa Hass, kiwango cha kimataifa hudai masalia makavu yasipungue asilimia 21. Lililochumwa changa hunyauka na kuwa kama mpira, wala halifai hata kwa mafuta, kwa sababu mafuta yenyewe huongezeka kadiri tunda linavyokomaa. Matunda makomavu yenye makovu, yasiyofaa kusafirishwa, ndiyo yanayostahili kupelekwa kiwandani: hulainishwa, hupondwa na kuzungushwa kwenye mashine mpaka mafuta yajitenge.