Sketi na Blauzi Zinazoshonwa Nyumbani

Kushona sketi na blauzi nyumbani ni kazi ya kukata kitambaa kwa kufuata mwili mmoja unaojulikana. Kiwanda hukata kwa saizi: mwanamke huingizwa kwenye kundi la 12 au la 14, kisha hutarajiwa alingane na wenzake wa kundi hilo. Fundi wa mtaani humpima mteja, lakini mara moja tu, mteja akiwa amesimama wima na amebana pumzi kidogo. Nguo yenyewe hukatwa mwenye mwili akiwa ameshaondoka. Anayejishonea anajua kwamba bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia, kwamba kiuno chake hutanuka baada ya chakula, kwamba akiinama kuchota maji blauzi fupi huuacha mgongo wazi. Mambo hayo hayaandikwi kwenye daftari la vipimo, na ndiyo yanayoipa nguo ya nyumbani uzuri ambao hauuzwi dukani.

Uzuri huo si wa bei. Sketi ya mtumba mara nyingi hupatikana kwa fedha pungufu kuliko gharama ya kitambaa, uzi na zipu. Tanzania ilipoanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje mwaka 1984, mitumba ilienea hadi minada ya vijijini, na tangu hapo hoja ya kushona ili kuokoa pesa imekuwa dhaifu. Anayeanza kwa hoja hiyo peke yake huacha mapema. Anayeendelea ni yule aliyekwisha kuvaa sketi inayotulia nyongani bila kuvutwa wala kushikiliwa kwa pini, akaona kwamba hawezi tena kuridhika na nguo isiyomjua.

Kazi huanzia kwenye kitambaa, na hapa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wana urithi mkubwa. Kwa muda mrefu vazi la mwanamke lilinunuliwa kama kitambaa kizima cha kujifunga. Ndivyo ilivyovaliwa merikani, pamba isiyopaushwa ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Zanzibar katika karne ya 19. Ndivyo ilivyovaliwa kaniki, na ndivyo inavyovaliwa kanga hadi leo. Mazoea hayo yamejenga jicho la kukitazama kitambaa chote kabla ya kufikiria mkasi. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110; ina pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Anayeshona sketi ya kanga kwa uangalifu huuacha upindo mrefu uwe ukingo wa chini wa sketi, kisha huamua jina liende wapi. Kulikata jina katikati ya neno ni ubovu wa kata hata kama mishono imenyooka, maana kanga ni kitambaa kinachosomwa.

Kitenge kina sheria nyingine. Mbinu ya nta iliyokizaa ilitokana na batiki ya Java, ikaigwa na viwanda vya Uholanzi, kikiwemo cha Vlisco kilichoanzishwa mjini Helmond mwaka 1846. Baadaye vitenge vikachapwa Afrika Mashariki kwenyewe, kwa mfano katika kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960. Kitenge huuzwa kwa yadi, na upana wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 112 na 120. Kipimo hicho cha upana ndicho kinachoamua sketi ipi inawezekana. Mwelekeo wa maua nao ni wa kuangaliwa mapema: kama kitenge kina ndege au samaki waliosimama upande mmoja, kitambaa hakiwezi kukunjwa begani na kukatwa kama kipande kimoja, kwa kuwa wale walio wima kifuani watakuwa kichwa chini mgongoni. Hapo lazima pawe na mshono wa begani.

Kabla ya kukata, kitambaa hufuliwa na kupigwa pasi. Pamba mpya huwa na dondo linaloifanya isimame kama karatasi, na hunywea kidogo inapolowa kwa mara ya kwanza. Ni heri inywee ikiwa bado kitambaa. Kisha hutafutwa mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo uliofumwa. Mtande hauvutiki. Mshindio huvutika kidogo. Mshazari, ambao ni mkato wa pembe baina ya mtande na mshindio, huvutika sana. Karibu kila kasoro ya sketi inayojizungusha mwilini au inayoning’inia upande mmoja hutokana na kutoziheshimu pande hizi tatu, na hakuna mshono unaoweza kuiponya kasoro hiyo baadaye.

Vipimo vya sketi ni vichache: kiuno, nyonga, umbali kutoka kiuno hadi nyonga (sentimita 18 hadi 20 kwa wengi), na urefu. Nyonga hupimwa mara mbili, mtu akiwa amesimama na akiwa ameketi, kwa sababu mwili ulioketi hutanuka. Kosa linalozaa sketi nyingi zinazopasuka garini au kanisani ni kukata kwa kipimo cha kusimama bila kuongeza chochote. Sentimita 4 za ziada nyongani hutosha kwa sketi isiyobana. Kiunoni hutosha moja au mbili.

Sketi ya lastiki ndiyo ya kwanza kwa wengi na haihitaji maelezo mengi: mstatili wenye upana wa mara moja na nusu ya nyonga, mshono mmoja, mfereji wa lastiki juu, upindo chini. Sketi ya vipande sita ni mwalimu bora zaidi. Mwenye kiuno cha sentimita 72 na nyonga za 102 hugawanya kiuno kwa sita, kila kipande kikapata 12. Nyonga zikiongezewa zile sentimita 4 huwa 106, karibu 17.7 kwa kila kipande. Huongezwa sentimita 1.5 za mshono kila upande. Uzuri wa kata hii uko kwenye mishono yake sita. Mwenyewe akinenepa, kufumua kila mshono na kuachia nusu sentimita tu kila upande humrudishia sentimita 6 nzima, bila mtu yeyote kuona kwamba sketi imeguswa. Akikonda, hufanya kinyume. Sketi ya namna hiyo inaweza kumsindikiza mwanamke kabla ya mimba na baada yake.

Sketi ya nusu duara ni hesabu tupu, na inafaa isifiwe kwa sababu hiyo. Kiuno hugawanywa kwa 3.14: kile cha 72 hutoa karibu 23, ambayo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Ukiongeza urefu wa sentimita 60 unapata 83. Kipande kizima, basi, kinahitaji urefu wa sentimita 166 na upana wa 83, na yadi mbili za kitenge, ambazo ni karibu sentimita 183, zinatosha na mkanda wa kiuno ukapatikana humo humo. Mshono ni mmoja tu, nyuma, penye zipu. Lakini kata hii ina siri yake. Ubavuni pande zote mbili kitambaa kinaangukia mshazari, kwa hiyo huendelea kushuka kwa uzito wake chenyewe baada ya kushonwa. Sketi hutundikwa usiku mmoja au miwili kabla ya kupindwa. Kisha mvaaji husimama wima, mtu mwingine hupima kutoka sakafuni kwenda juu kuizunguka sketi yote, na kinachozidi hukatwa. Upindo wake huwa mwembamba, sentimita moja au pungufu, kwa kuwa upindo mpana kwenye ukingo wa duara hufanya makunyanzi.

Sketi ya marinda hula kitambaa mara tatu ya kiuno ikiwa marinda yanagusana. Ni kata ya subira na ya pasi, inayojulikana vizuri na kila aliyewahi kuvaa sare ya shule.

Blauzi ni ngumu kuliko sketi, na afadhali lisemwe wazi. Sketi hushikwa na kiuno peke yake. Blauzi hushikwa na mabega, shingo, kwapa na kifua kwa wakati mmoja, na mikono haitulii. Shingo ndipo pa kuogopa zaidi. Tundu la nyuma huchimbwa kidogo, sentimita 2 hivi, la mbele kwa kina zaidi, na siku zote hukatwa dogo kuliko linalotakiwa, kwa maana shingo ndogo hupanuliwa lakini shingo kubwa haipunguzwi. Mara tu baada ya kukata, mshono mmoja hupigwa kulizunguka tundu ili lisivutike, kwa sababu mviringo wowote hupita kwenye mshazari. Kifua huhitaji mkunjo wenye ncha unaoanzia ubavuni na kufia sentimita mbili au tatu kabla ya kufika kilele cha titi. Ukifika kileleni penyewe hutoa ncha isiyopendeza.

Mkono wa kupachika ndio unaomtofautisha anayejua na anayejaribu. Kichwa cha mkono hukatwa kirefu kuliko tundu la kwapa kwa sentimita 2 hadi 4. Mistari miwili ya mishono mirefu hupigwa kichwani hapo, nyuzi huvutwa polepole, na ziada ile husambazwa juu ya bega mpaka ienee bila kukunjamana. Kipande hicho hupigwa bandi kwa mkono kwanza, blauzi ikavaliwa, mkono ukainuliwa, ndipo kipelekwe kwenye cherehani. Katika miji ya mashariki ya Kongo, ambako kitenge huitwa kikwembe, ziada hiyo mara nyingi huongezwa makusudi hadi bega livimbe na kusimama, na kile ambacho kwingine hufichwa kikawa ndicho pambo lenyewe.

Cherehani chenyewe hakijabadilika sana katika kiini chake tangu Elias Howe alipopata hataza mwaka 1846 na Isaac Singer mwaka 1851: uzi wa juu na uzi wa bobini hukutana na kufungana katikati ya unene wa kitambaa. Kila tatizo la mshono husomeka humo. Vitanzi vikionekana upande wa chini, kwa kawaida uzi wa juu umelegea au haukupitishwa sawasawa. Mishono ikiruka, sindano imepinda au ni butu. Kwa kitenge, sindano namba 14 na mshono wa milimita 2.5 hufaa. Cherehani cha kukanyaga, kama kile cha Butterfly kutoka Shanghai kinachopatikana katika nyumba nyingi, kina sifa ambayo cha umeme hakina: mguu huweza kupiga mshono mmoja mmoja kwenye kona ya shingo, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Ndani ya nguo kunastahili heshima ileile ya nje. Nyumbani ni nadra kuwa na mashine ya ovaloki, lakini mshono wa kuficha huimudu kazi: vipande hushonwa kwanza pande zao za ndani zikikutana, milimita 5 kutoka ukingoni, hugeuzwa, kisha hushonwa tena ili kingo zote zifungiwe ndani. Kila mshono hupigwa pasi kabla haujavukwa na mwingine. Wa zamani wa mwambao waliilaza mishono kwa kuisugua na kete kubwa yenye mgongo laini, na kwa kitambaa kisichostahimili moto mbinu hiyo ingali inafaa.

Vipimo vilivyothibitika kwa kuvaliwa huhamishiwa kwenye karatasi ngumu ya kaki au ya mfuko wa saruji, vikaandikwa tarehe. Mwili ukibadilika, karatasi hurekebishwa, na nguo za zamani hufumuliwa kwa kuifuata. Mabaki ya kitenge hukatwa mshazari kuwa mikanda ya kumalizia shingo za blauzi zijazo. Sketi iliyochakaa ukingoni hufupishwa, na ikichakaa kiunoni hukatwa sketi ya mtoto kutoka sehemu yake ya chini, ambako kitambaa huwa bado kizima.